Sheria Zilizozaliwa na Sarafu

Nyeusi ikiingia shimoni kwenye pigo la kuvunja, kabla hata wachezaji hawajajua nani anacheza rangi gani, nani kashinda? Uliza swali hilo kwenye meza ya pool pale Chikongola, Mtwara mjini, na utajibiwa na watu watano kwa mpigo. Panda bodaboda uelekee Msimbati, kwenye mwambao wa Mnazi Bay, uliza tena. Usishangae ukikuta waliokujibu mjini wangeitwa waongo huku. Wapo wanaosema mchezo umekwisha na aliyevunja kashinda. Wapo wanaosema umekwisha na aliyevunja kafungwa. Wachache, hasa waliowahi kucheza mashindano, watakwambia mipira ipangwe upya.

Hao wachache ndio wenye kitabu mkononi. Sheria za blackball, zinazotumika kwenye mashindano ya meza ndogo katika nchi nyingi za Afrika, zinasema nyeusi ikiingia kwenye kuvunja hakuna adhabu: mipira inapangwa upya na aliyevunja anavunja tena. Ni sheria nzuri, maana pigo la kuvunja lina bahati nyingi, na si haki bahati imalize mchezo ambao haujaanza. Lakini jaribu kuitumia kwenye meza ya mtaani na utaona tatizo mara moja. Nyeusi iko wapi? Imeshateremka kwenye mfereji wa ndani, imelala nyuma ya kioo na kufuli. Kuipata tena kunataka sarafu nyingine. Nani aitoe? Aliyevunja atasema yeye hakukosea. Mwenzake atasema yeye hajagusa hata fimbo. Na mwenye meza, aliyekaa pembeni na kijiti cha meno mdomoni, hana habari na blackball. Yeye anahesabu michezo.

Hapo ndipo sheria ya mtaa inapozaliwa. Anayefungwa analipa, anayeshinda anabaki mezani: huo ndio msingi, na mengine yote yamejengwa juu yake. Mchezo mmoja ni sarafu moja, kwa hiyo tukio lolote linaloifungia nyeusi ndani lazima liwe mwisho wa mchezo. Limpe nani ushindi, hilo kila mtaa umeamua kivyake. Kila nikisikia watu wakisema vijana wa mtaani hawajui sheria za pool, huwa naona hawajaitazama meza. Vijana wanazijua sheria za kifaa walicho nacho, na wamezitunga kwa akili. Kwa mtu anayesubiri msimu wa korosho uanze ndipo ashike fedha, sarafu ya mchezo aliouona umeibwa inauma.

Tena hata hicho kitabu cha mashindano kina alama za sarafu, kwa wanaojua kusoma. Chini ya blackball, ukifanya faulo na mpira wa mwenzako ukaingia shimoni, mpira huo haurudishwi mezani. Umekwenda. Kwa nini? Kwa sababu mchezo huu ulilelewa kwenye baa za Uingereza, juu ya meza za futi saba zinazokula sarafu, na meza ya namna hiyo haitemi ilichomeza. Adhabu ikabidi itafutwe kwingine: mwenzako anapewa pigo huru, ambalo anaweza kulipiga kwenye mpira wowote, halafu anaendelea na zamu yake. Basi mabishano ya Chikongola na ya wakubwa wa mchezo yana baba mmoja. Tofauti ni kwamba wakubwa walikaa, wakakubaliana, wakaandika.

Hapa Mtwara kuna mchezo mwingine ambao haujawahi kuwa na shida hii. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lina nyumba, lina namua na mtaji, na wazee wanaolicheza wanaweza kubishana mpaka magharibi. Lakini ukichimba mashimo yale kwenye mchanga wa Msimbati ukacheza kwa komwe, au ukacheza kwenye ubao wa mninga uliochongwa na fundi, mchezo ni uleule. Kete haiendi mbali zaidi kwa sababu ubao ni mzuri. Pool haiko hivyo. Meza ni mchezaji wa tatu, na kwa ukanda huu wa pwani ni mchezaji mwenye hulka.

Tazama mpira mweupe. Meza ya sarafu lazima ijue kuutofautisha na mingine, ili ukiingia shimoni kwa bahati mbaya iurudishe badala ya kuufungia. Njia ya kawaida ni ukubwa: mipira ya rangi ina kipenyo cha milimita 51 hivi, mweupe una 48 hivi. Ndani ya meza kuna njia inayopitisha mdogo na kukataa mikubwa. Milimita tatu zinaonekana si kitu, lakini uzito hufuata ujazo, kwa hiyo mweupe huo unakuwa mwepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko mpira unaougonga. Mchezaji anauona wepesi huo bila kuhitaji mzani. Akipiga chini ya mpira, mweupe unarudi kirahisi. Akitaka uufuate mpira uliogongwa, unasita. Akivunja kwa nguvu zote, unaruka nyuma kutoka kwenye rundo na mara nyingi unaishia mahali asipopataka.

Sasa mweupe huo ukipotea, kama inavyotokea, mwenye meza anatafuta mwingine. Akileta wenye ukubwa sawa na wa rangi, siku ukiingia shimoni haurudi. Hivyo analeta wowote mdogo atakaoupata, wakati mwingine mdogo zaidi, uliochubuka, usiobingirika sawa. Nimeona meza ambayo mchezaji wake hodari alikuwa amejifunza mkunjo wa mpira mmoja mbovu kiasi kwamba ulipobadilishwa alipoteza makali yake yote. Kijana huyo hakuwa mlaghai. Alikuwa ameusoma mpira wake kama nahodha wa jahazi anavyousoma mkondo, na elimu ile haikumfaa tena. Kwa hiyo kabla ya mashindano yoyote, kitu cha kwanza kupimwa ni mweupe. Hakuhitajiki chombo cha maabara. Uweke kando ya mpira wa rangi kwenye sehemu iliyo sawa, laza rula juu ya yote miwili, tazama rula imeinama kiasi gani. Kisha ubingirishe polepole sana kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Ukikunja kona mwishoni, ama mpira ni mbovu ama meza imelala upande. Rudia kwa mpira mwingine na utajua lipi ni lipi.

Meza zenyewe hulala upande kwa sababu zinazoeleweka. Kibanda kimejengwa juu ya mchanga, miguu ya meza inazama kidogo kidogo, na kila asubuhi mtu mmoja anafika na kipande cha mbao au kadi iliyokunjwa kuinua pembe iliyoshuka. Meza nzuri ina bamba la jiwe chini ya kitambaa, nalo halijali unyevu. Iliyowekewa mbao zilizobanwa badala ya jiwe huvimba. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo kitambaa cha sufu hunywa unyevu wa hewa mpaka mpira unapita juu yake kama unaburuta kitu. Ongeza mchanga mwembamba unaoletwa na upepo na miguu ya watu, ongeza chumvi inayokula vyuma vya mtambo wa sarafu. Raba za kingo nazo huchoka. Kwenye meza mpya, ukipiga mweupe kwa nguvu kutoka upande mfupi, unakwenda na kurudi mara kadhaa kabla haujatulia. Nyingine zinaumaliza mwendo huo katikati ya safari ya pili.

Ni hapa ndipo suala la kuvunja linapokuwa zito, na ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kitabu kifuatwe neno kwa neno kila mahali. Blackball inataka kuvunja kuwe kwa haki: ama mpira mmoja uingie shimoni, ama angalau miwili ivuke mstari unaounganisha mashimo mawili ya katikati. Bila hivyo ni faulo. Kwenye mchezo wa Kimarekani wa mipira minane, kipimo ni kingine: kama hakuna ulioingia, angalau mipira minne ya rangi iguse kingo. Vipimo vyote viwili vimewekwa ili kumzuia mwoga anayegusa rundo kwa kidole na kumwachia mwenzake ukuta wa mipira. Kwenye meza kavu, yenye kitambaa kipya, mtoto wa shule anaweza kuvifikia. Kwenye meza ya kijijini mwezi wa Februari, wakati kitambaa kimelowa na raba zimekufa, mchezaji mwenye nguvu anaweza kupiga kwa uwezo wake wote na mpira mmoja tu ukavuka katikati. Kumhukumu faulo ni kumhukumu kwa kosa la meza.

Nilivyoona jambo hili likiamuliwa vizuri ni hivi. Mchezaji kavunja, mipira imetulia, kelele zimeanza. Mwamuzi hakubishana na mtu. Alichukua fimbo, akaishika kwa mikono miwili juu ya meza bila kugusa kitu, ncha moja juu ya shimo la katikati la kushoto na nyingine juu ya lile la kulia, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na fimbo. “Huu umevuka,” akasema. “Huu bado, umesimama juu ya mstari.” Mtu mmoja nyuma akalalamika: “Kaka, meza yenyewe imelowa!” Mwamuzi akamjibu bila kugeuka: “Ndiyo maana asubuhi tulisema mmoja unatosha.” Ubishi ukaisha pale pale. Kumbe kabla ya mchezo wa kwanza walikuwa wameijaribu meza, wakaona miwili ni mingi mno kwa hali yake, wakakubaliana kupunguza, na kila mchezaji akasikia kwa masikio yake.

Mtu wa sheria atasema huko ni kuchezea kanuni. Mimi naona wakubwa wa mchezo wamekuwa wakifanya hivyohivyo. Mwaka 2001 Mmarekani Corey Deuel alishinda US Open ya mipira tisa akiwa amegundua kwamba kuvunja taratibu, kwa kipimo, kulimletea mpira uleule kwenye shimo lilelile mchezo baada ya mchezo. Hakuvunja sheria yoyote. Baadaye mashindano mbalimbali yakaanza kuongeza masharti kuhusu mipira mingapi ipite mstari, mpira gani ukae kwenye alama, mchezaji asimame wapi anapovunja. Karatasi nyembamba ya plastiki ya kupangia mipira, inayoifanya ibanane bila mwanya, ilileta mabishano mengine, maana rundo lililobana sana hufunguka kwa namna inayotabirika. Kila kifaa kilipobadilika, sheria ya kuvunja ilibadilika nyuma yake. Kama wenye meza za futi tisa na vitambaa vipya kila wiki wanaruhusiwa kutazama meza kwanza, kwa nini watu wa Msimbati wasiruhusiwe?

Nani avunje ni swali jingine, nalo kwa maoni yangu lina jibu moja tu. Mtaani aliyeshinda anabaki, na mara nyingi ndiye anayevunja. Kwa kujifurahisha haina neno. Kwenye mashindano inamnyanyasa mgeni, hasa meza ikiwa ya nyumbani kwa mwenzake ambaye anajua kila mahali ilipobonyea. Anayevunja mchezo wa kwanza aamuliwe kwa kila mmoja kupiga mpira mweupe uende mpaka ukingo wa mbali na kurudi, atakayeuacha karibu zaidi na ukingo wa kwake achague. Baada ya hapo wapokezane. Njia hii pia inamfundisha mgeni mwendo wa kitambaa kabla hajapoteza chochote.

Kuhusu fimbo, ubishi wa kwenye vibanda ni mkali kuliko unavyostahili. Kijana anayefika na fimbo yake ya vipande viwili ndani ya mfuko hutazamwa kama amekuja na silaha. Wenyeji wanataka wote watumie fimbo za ukutani, eti ndio usawa. Lakini fimbo za ukutani zimepinda. Zimeegemezwa kwenye ukuta wa bati miaka yote, jua upande mmoja, unyevu upande mwingine, na ngozi ya ncha imeisha mpaka chaki haishiki. Usawa wa kugawana ubovu haumsaidii mtu. Mwache kila mmoja aje na yake, mradi ya mwenyeji inyooshwe na iwekewe ngozi mpya. Kwa meza ndogo ncha huwa nyembamba, milimita 8 au 9, wakati ya meza ya Kimarekani hufika 12 au 13. Ukiona ncha nene inapiga mweupe mdogo, ujue huyo mtu ameazima fimbo ya mchezo mwingine.

Na hapa Mtwara jambo hili linanikera kwa namna ya pekee. Mpingo, ule mti ambao Wamakonde wameufanya ujulikane dunia nzima kwa vinyago vyao, ni mzito na mgumu kiasi cha kuzama majini, na mafundi wa fimbo wa ng’ambo huutumia kutengenezea sehemu ya nyuma, pale mkono unaposhika, kwa sababu uzito wake unaituliza fimbo. Tuna mti, tuna mikono inayoweza kuchonga umbo la mtu ndani ya umbo la mtu. Halafu tunacheza na fimbo iliyopinda ya mti laini, iliyosafiri bahari nzima kutufikia. Fundi mmoja wa Mtwara akipewa fimbo nzuri aitazame na mteja wa kumlipa, sioni kitakachomshinda isipokuwa mti mnyoofu na mkavu wa kutengenezea sehemu ya mbele.

Mchezo huu umewahi kuwa na mpangilio wa kitaifa. Kampuni ya Bia Tanzania, kupitia Safari Lager, iligharamia mashindano ya pool ya taifa kwa miaka kadhaa, yakianzia mikoani na kuishia kwenye fainali, kwa ushirikiano na chama cha mchezo, TAPA. Uganda nako fedha za bia, za Nile Special, zimejenga ligi na wachezaji wanaojulikana hata nje, akiwamo Rashida Mutesi. Mashindano ya namna hiyo ndiyo yaliyosambaza kanuni za maandishi, na faida yake ilionekana: mchezaji akitoka mkoa mmoja kwenda mwingine alijua atahukumiwa kwa nini. Ila meza za fainali zililetwa zikiwa nzuri. Zilipoondoka, mikoa ikabaki na kanuni pamoja na meza zilezile.

Upande wa serikali, pool imetazamwa zaidi kama ishara ya uvivu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa kuwashughulikia vijana wanaocheza pool saa za kazi, na tangu hapo mwenye kibanda anaijua hatari ya kufungua asubuhi. Sina ugomvi na saa za kazi. Lakini mchezo unaochezwa jioni na usiku peke yake unahitaji taa, na taa inaleta sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha blackball.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu miaka ya 2000 ndiyo inayowasha mitambo ya umeme ya Mtwara. Hata hivyo kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikaa nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mitambo michache, na mtambo mmoja ulipoleta hitilafu giza liliingia kwenye mtaa mzima. Umeme ukikatika mtu akiwa ameinama na fimbo, inakuwaje? Nimesikia michezo ikifutwa na fedha kurudishwa kwa ngumi. Utaratibu mzuri ni huu: kila mtu anarudi nyuma hatua moja, mwamuzi anawasha tochi ya simu na kuipiga picha meza kutokea juu, kisha kutoka kila upande mfupi. Baada ya hapo hakuna anayesogea karibu mpaka taa irudi. Usiku ukiwa mrefu, mchezo unaahirishwa, na kesho mipira inapangwa kwa kufuata picha, wachezaji wote wawili wakiwapo. Pigo lililokuwa limeanza lakini mpira haukuguswa linahesabiwa halijapigwa.

Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, juu ya chaki, siku mbili kabla ya mashindano: nyeusi kwenye kuvunja, mipira mingapi ivuke katikati, nani anavunja, mweupe upi utatumika, fimbo, umeme. Ibandikwe baada ya meza kupimwa, maana nusu ya majibu yatatoka mezani.

Linabaki lile la sarafu, na njia yake ni ya biashara. Waandaaji wamwendee mwenye meza mapema, wakubaliane naye bei ya siku nzima, wamlipe mkononi, naye afungue kufuli na kuliacha wazi mpaka fainali. Mwenye meza hapotezi, maana vinywaji vitauzwa na watu watajaa. Nyeusi ikiingia kwenye kuvunja, mkono unapita ndani, inatolewa, mipira inapangwa, na aliyevunja anavunja tena.